Jina la Mbwa

Seva inaamka, feni zinakohoa,
inasoma mistari saba, inazimika.
Inaamka tena. Inazimika.
Punta Arenas, saa tisa usiku, upepo unapiga bati la kliniki
na Yerko Mansilla amevaa koti humo humo ndani.

Saraka haifunguki, yasema skrini.
Daftari la majina yote limejifungia.
Ghorofani muuguzi Nélida anaandika dozi kwa kalamu;
kompyuta inamuuliza: wewe nani?

Njia ya ukarabati ipo, ila ina nywila,
na nywila aliiweka Don Ciro, mwaka ule wa theluji nyingi,
akaenda nayo kaburini.
Yerko anampigia mjane.
"Sijalala," asema Edelmira. "Jaribu mbwa.
Canelo. Herufi kubwa. Kisha mwaka tuliomwokota."

Pakafunguka.
Na hitilafu yenyewe? Herufi moja:
diski ya D iliamka ikijiita E,
seva ikakesha ikibisha hodi kwa jirani.

Akairudishia jina lake.
Ghorofani, kompyuta ikamtambua Nélida.
Yerko hakukata simu:
mjane alikuwa bado yuko kwa Canelo,
siku alipokula kiatu cha padri.