Gawio la Robo ya Tatu

Simu imetetemeka mezani, karibu na bakuli la viazi.
Shilingi laki moja, elfu arobaini na mia sita.
Gawio, ujumbe unasema. Asante kwa kuwa mwanahisa.

Nimestaafu kufundisha hesabu hapa Kihesa,
ila hesabu haijastaafu kwangu.
Kila fedha inayoingia naiuliza:
umetoka wapi, umepita mikononi mwa nani?

Basi naifuata kinyumenyume,
kama mtu anayefuata alama za lori topeni.

Kabla ya simu yangu ilikuwa Miyomboni, ghorofa ya pili,
juu ya duka la magodoro:
kampuni isiyo benki,
inayowakopesha wale ambao benki inawaona wadogo
na vikoba vinawaona wakubwa,
wenye malori manne, wenye vibarua sitini,
wenye mashine moja mpya na tatu za kuombea dua.

Yenyewe nayo hukopa. Hukopa kwa kumi na mbili,
hukopesha kwa kumi na tisa.
Ile saba ya katikati ndiyo shamba lake.
Pembezoni hupanda ada:
ada ya kufungua faili, ada ya kuchelewa,
hata ada ya kuwahi kumaliza,
maana anayewahi ameondoka na riba ya kesho.
Na robo ikiisha, kanuni yao ni moja:
tisa katika kumi ya faida iende kwa wenye hisa.
Ghala lao halilali na mahindi.

Na kabla ya Miyomboni ilikuwa Mafinga,
kwenye kiwanda cha nguzo cha Edina Chengula.

Nilimfundisha Edina. Darasa la sita, dawati la dirishani,
sweta limetoboka kiwiko. Aliogopa sehemu.
Leo anazijua kunizidi:
robo ya kila nguzo ni dizeli na dawa,
robo mishahara, robo barabara,
na robo inayobaki
tunaila pamoja, yeye na mimi,
ingawa yeye hajui.

Nilikwenda Agosti. Ukungu umemeza misindano,
msumeno unausikia kabla hujauona.
Kamwene, mwalimu, akasema,
akamimina chai, akapangusa unga wa mbao kwenye kiti.
Kisha, bila kulalamika, kama anayesoma hali ya hewa:
Nguzo elfu mbili ziliondoka Juni. Mnunuzi hajalipa.
Riba ya Julai sikuwa nayo.
Wakaniambia, si neno, tutaiweka juu ya deni.

Riba ikalala ndani ya deni,
ikaamka ni deni, nayo ina riba yake.
Miyomboni, vitabuni,
iliandikwa: mapato.

Mapato hayo niliyaezeka.
Bati sita, upande wa jikoni.

Nikaanza kuwasema. Akanikata.
Usiwaseme, mwalimu. Benki ilitaka hati ya nyumba ya marehemu baba.
Hawa waliuliza, unatoa nguzo ngapi kwa siku?
Wakaja na buti, wakahesabu wenyewe.
Lile tangi la dawa ni wao. Hawa vijana sitini ni tangi.
Akacheka kidogo. Na siku nikiuza kiwanda,
ishirini yangu, moja yao. Imeandikwa.

Nilitaka kumwambia nina hisa.
Chai ilikuwa ya moto. Nikasema habari za mvua.

Sasa ni usiku, viazi vimepoa.
Nimegeuza karatasi ya zamani ya mtihani,
nagawanya laki moja, elfu arobaini na mia sita:
kiasi gani ni nguzo iliyosimama mahali, imebeba waya,
kiasi gani ni neno tu, limeandikwa safu ya kulia?
Taa inawaka juu yangu.
Huenda umeme wake umepita kwenye mti wake.

Edina, ningekuwa bado natunga mitihani
ningekupa swali hili, alama ishirini,
nawe ungelimaliza kabla ya kengele.
Mimi ndiye ningekaa na kalamu nyekundu
nisijue pa kuweka tiki.