Nati Moja Imebaki

Zilikuja ndani ya maboksi mawili,
nyekundu ya Mabli, kijani ya Osian,
magurudumu manne kila moja, yamefungwa kwa nailoni,
na kitabu cha maelezo kilichoandikwa
na mtu mwenye haraka ya kwenda kula.
"Kaza kitu cha kushoto mpaka kifurahi,"
uliagiza ukurasa wa nne.
Nikakikaza. Hakikufurahi.

Rahisi ghali, najua. Lakini hiyo ghali yenyewe
hatukuwa nayo. Tulikuwa na Jumapili moja,
malisho ya mjomba Emlyn juu ya Tregaron,
kondoo waliopakwa buluu mgongoni,
na mvua ile ya Welisi isiyonyesha wala kukatika,
inakaa tu hewani kama mgeni asiyeaga.

Mabli alitangulia. Kofia ngumu ilimmeza hadi nyusi.
Injini, ndogo kama birika, ikakoroma,
ikapiga chafya, ikakubali.
Osian nyuma yake, ulimi nje, kidole gumba kikibana mafuta,
mwendo wa mbuzi aliyeshiba,
nami mbio pembeni, nimeshika kamba nyekundu ya kuzimia:
ukiivuta, kila kitu kinanyamaza.
Ningependa kuwa nayo nyumbani.

Mzunguko wa tatu, skrubu ikadondoka.
Wa nne, fenda.
Wa tano cheni ilichomoka, ikalala topeni
kama nyoka aliyechoshwa na maisha.
Ndani ya gari mama mkwe, Menna, alishusha kioo inchi moja
akatoa alichokihifadhi tangu Krismasi:
"Si nilisema baiskeli?"
Akapandisha kioo.

Baba yangu alitengeneza mashine za kukamulia ng'ombe
miaka thelathini, na somo lake lilikuwa moja: sikiliza kwanza.
Nikapiga magoti kwenye samadi, nikasikiliza.
Cheni ililegea tangu kiwandani.
Nikarudisha ekseli nyuma upana wa kidole,
pini ya nywele zangu ikawa pini ya kiungo,
nyekundu ikaondoka na nywele zangu zikaniangukia machoni.

Kijani ilikuwa na maradhi mengine.
Inawaka, inafika langoni, inazima.
Inawaka, inafika langoni, inazima.
"Inaogopa lango," akasema Osian,
na Emlyn, mtu wa maneno matatu kwa siku,
akatumia mawili: "Kabureta. Uchafu."

Nikafungua bakuli lake, dogo kama la mwanasesere.
Ndani, unyuzi wa plastiki uliosafiri
mbali kuliko sisi sote pamoja,
umekaa juu ya tundu ambalo hata sindano ingeliomba radhi.
Nikang'oa unyoya wa ufagio wa zizini, nikazibua,
nikapuliza kwa mdomo.
Ladha ya petroli ilikaa nami hadi Jumanne.

"Mimi," Osian akasema. Vidole vyake
vilivimba kwa baridi, vyekundu kama soseji.
Nikampa bisibisi.
Aliangusha skrubu mara tisa.
Mara tisa tukapekua nyasi, mashavu chini,
kondoo wakitutazama kama waliolipa kiingilio.
Ya kumi ikashika.
Hakucheka. Akafuta mikono kwenye suruali, mbele, kisha nyuma,
kama nifanyavyo mimi, kama alivyofanya
mtu ambaye Osian hakuwahi kumwona.

Akapanda. Ikafika langoni.
Nilibana pumzi.
Ikapita.

Usiku, mfukoni mwa koti, kati ya tishu na ganda la chungwa:
nati moja. Mpya, haina kutu, haina kwao.
Nikatoka na tochi, nikazizunguka zote mbili,
bolti kwa bolti, kila moja ina mwenzake.
Nimeiweka dirishani jikoni, karibu na sabuni.
Mabli anauliza kama tutarudi Jumapili.
Mvua bado imekaa hewani. Naitazama nati.
Namwambia tutarudi.