Badala Yake

Kadi inasema:
"Inapotupwa, tupa nyingine badala yake."
Jina lake Mrithi. Amechorwa kijana
mwenye kofia iliyomzidi kichwa.

Zbyněk anao wawili mkononi, na hana kingine.
Nami nimemchezea Njaa: kila mpinzani atupe kadi moja.
Basi anamtupa wa kwanza, badala yake wa pili,
badala ya wa pili wa kwanza,
badala ya wa kwanza...
"Mpaka lini?" anauliza Drahomíra,
ambaye mchana kutwa husahihisha mikataba ya bima
na hapendi sentensi isiyo na mlango wa kutokea.

Brno, Januari. Dirisha limelia jasho la supu.
Chini, tramu inakata kona kwa mlio wa kisu butu.

"Wameandika inapotupwa," anasema Drahomíra,
"si ikitupwa, wala ikishatupwa.
Yaani wakati uleule: mkono umeinuka,
kadi haijagusa meza.
Sasa kama haijagusa, imetupwa au haijatupwa?"
Zbyněk, miaka thelathini na mmoja dereva wa tramu,
anasema kwake yeye mlango ukifungwa umefungwa,
abiria agonge asigonge.

"Na hiyo yake," nachokoza, "ni ya nani?
Badala ya kadi, au badala ya mwenye kadi?"
Wananitazama kama niliyemwaga chumvi.

Kitabu cha kanuni kina kurasa kumi na mbili
na jibu moja: kadi ikipingana na kanuni, fuata kadi.
Kadi ikipingana na nafsi yake, hakisemi.

Květa anainuka, anafungua droo ya vijiko,
anatoa nakala ya Bohumil.

Hatukuwa tumeiona tangu mazishi.
Pembezoni, penseli: herufi ndogo, zimelala upande mmoja
kama nyasi zilizopigwa na upepo.
Miaka kumi na mmoja yeye ndiye aliyeamua mezani hapa,
na hakuna aliyekata rufaa.

Ukurasa wa saba, Mrithi:
"Huzunguka mara moja tu, kisha hutupwa. 4 Machi."
Chini yake, penseli iliyochongwa upya:
"Hatupwi kamwe. Wawili hulindana. 19 Novemba."

Květa anavaa miwani.
Anaivua. Anaivaa tena.
"Novemba kumi na tisa," anasema polepole,
"nilioka keki ya mbegu za popi, ikaungua chini.
Na nilimchezea Njaa.
Alikuwa na Warithi wawili."

Kimya. Kisha anacheka,
anacheka mpaka ameishika meza kwa mikono miwili,
bilauri zinagongana,
"Mwizi we! Mwizi mkubwa we!"
na sisi nyuma yake,
kesi ya ngedere, hakimu nyani,
Zbyněk anafuta machozi kwa leso ya supu.

Mchezoni, kutupa si kuondoa.
Kadi iliyotupwa hurudi: rundo likiisha unachanganya,
na siku moja inakuangukia mkononi, ileile, na kona yake iliyokunjika.
Iliyoondolewa huingia boksini, haihesabiwi tena.
Mimi ilinichukua miezi miwili kuelewa.
Květa bado hukosea. Husema "nimemtupa"
pale kanuni inaposema kuondoa,
na Drahomíra, anayesahihisha kila kitu duniani,
hilo halisahihishi.

"Haya," anasema sasa, "tufuate ipi, ya Machi au ya Novemba?"

Květa anachonga penseli kwa kisu cha vitunguu.
Maganda yanadondokea kwenye mkate.
Anaandika tarehe ya leo.
Anaweka nukta.
Anafikiri.

Supu imeshikana ngozi juu.
Mkono wa Zbyněk bado uko hewani,
na vijana wawili wenye kofia kubwa
hawajagusa meza.