Nukta ya Tatu

Sikonge, mwaka wangu wa kwanza, kibao cha nukta nundu mapajani,
niliandika "lala".
Mkono ulikuwa mwepesi: nukta ya tatu haikutoboka,
mara mbili haikutoboka,
na Mihayo, miaka saba, kidole kikitambaa kama siafu,
akasoma: "baba".
Akainua uso. Akasikiliza mlango.

Baba yake alikuwa porini Ugalla, kwenye mizinga,
si mtu wa kurudi katikati ya wiki.
Nikasema, "Nimekosea."
"Basi kosea tena," akasema.

Miaka ishirini na tisa hiyo.
Leo ni ukumbini, Tabora mjini, walimu thelathini na wanne
wamefungwa vitenge machoni, wanapapasa vipande vya trei za mayai:
matundu sita, maharage, herufi moja moja.
Wanacheka. Mmoja anauliza posho inatoka lini.
Nawaambia: tunaandika kutoka kulia, kwa mgongo wa karatasi;
uso wa karatasi ni wa anayesoma.
Wananakili. Hawajaelewa.
Nami sikuelewa, na cheti nilikuwa nacho.

Jioni, Mwalimu Nyanzobe wa Kaliua,
anayekabidhiwa darasa Jumatatu,
ananifuata mlangoni: "Na nikikosea?"

Natoa pochini kipande cha karatasi ya kaki,
kimelainika kwa kukunjwa, nukta zimeanza kulala.
Anafumba macho mwenyewe, bila kitenge.
Kidole kinakwenda, kinarudi.
"Ba... baba?"

Simsahihishi bado.