Kiwiko

Sehemu ya nne, dakika ya kumi na saba,
kile kiwiko cha kushoto, ndani ya sweta ya kijivu
iliyotoboka ikazibwa kwa uzi wa buluu,
ni changu.

Dada yangu Orfelina ndiye aliyeziba,
ndiye aliyekitambua kabla yangu mimi mwenyewe,
akapiga ukelele, birika likasahauliwa motoni:
"Nivaldo! Umeonekana nchi nzima!"
Nimeonekana.
Inchi nne za mtu.

Walikuja Quellón mwezi wa Juni, mvua isiyo na adabu,
wanne, na kamera, na ufito mrefu
wenye manyoya kichwani kama paka aliyeparamia akakwama.
Mwongozaji, binti mpole wa Santiago, viatu vimelowa chapachapa,
alitupitia mmoja mmoja kwenye benchi la korido:
Unangoja nini? Tangu lini?

Goti, nikamwambia. Miaka mitatu na miezi miwili.
Nilisimama miaka ishirini na sita kwenye maji baridi ya kiwanda
nikipasua samoni wa kuliwa mbali.
Samaki walisafiri. Goti lilibaki.
Akatabasamu, akaandika,
kisha akamwona Bi Eduvina.

Eduvina Cárcamo alikuwa anangoja jicho.
Lile jingine lilizimika humo humo katika kungoja.
Ana uso uliotulia kama unga unaoachwa uumuke,
na kamera, naona, hupenda uso wa namna hiyo.
Akasema: "Mjukuu wangu namjua kwa harufu ya nywele."
Korido zima likanyamaza, hata kikohozi cha Belarmino.

"Bwana, samahani, sogea kidogo, unaziba mwanga."
Nikasogea.
Goti likalia, kwaa.
Kijana wa sauti akavua vile vya masikioni: "Nini hicho?"
"Ni mimi," nikasema.

Ikabidi mama wa watu aseme tena.
Mara ya pili sauti haikutetemeka,
kwa hiyo waliitumia ile ya kwanza,
na ukisikiliza vizuri, chini ya neno "nywele",
kuna mlango unaofunguka pasipo na mlango.
Hilo nalo ni langu.

Jumapili usiku wakaonyesha.
Msimulizi akataja idadi yetu
kwa sauti nzito, ya mtu anayetangaza benki.
Jumanne simu ikalia kwa Eduvina.
Ijumaa alikuwa Puerto Montt, kitanda kimetandikwa,
daktari anamwita kwa jina.

Mimi ndiye niliyembebea begi hadi kwenye basi,
alfajiri, nikichechemea, yeye akinishika mkono,
kipofu na kiwete, tukicheka wenyewe.
Sina kinyongo.
Ninacho kidogo, Mungu anajua kiasi chake.

Alirudi anaona.
Akanitazama muda mrefu mlangoni pake, akasema:
"Nivaldo, kumbe umezeeka hivi,
na hukuniambia."

Siku hizi hunisindikiza hospitali.
Humwambia Yasna wa dirishani: huyu ndiye aliyekuwa kando yangu.
Yasna hugeuza kioo cha kompyuta kidogo, atuonyeshe hana uongo:
jina langu lipo, linang'aa, haliendi popote.
Si mbaya, Yasna. Ana orodha tu, hana visu.
Wale wa kamera, nasikia, sasa wako kaskazini,
wanashughulikia shule.

Kila nikienda navaa sweta ile ile.
Orfelina anasema ni ujinga, ifuliwe,
lakini nani ajuaye, labda kuna mtu aliyetazama.

Wiki iliyopita alikuwapo:
mtoto wa miaka kama sita, plasta mkononi,
akanikazia macho, akatoa kidole,
akagusa kiraka cha buluu.
"Ni wewe," akasema.

Ni mimi, nikamjibu.
Wakaita namba.
Ilikuwa yake.