Kopo la Macho

Robota nalifungua alfajiri, hapa Mgandini,
wauza dagaa wakiwa bado hawajatandika magunia.
Nakata utepe kwa kisu, wanyama wanafumuka:
dubu, sungura, tembo wa samawati,
na mnyama mmoja ambaye hata mimi,
mwaka wa kumi na moja katika kazi hii,
sijui jina lake wala kwao.

Usiniulize bei kwanza, mama.
Keti. Kigoda hicho.
Wa nani? Wa mjukuu. Ana miezi mingapi?
Saba.
Basi kwake kila kitu ni chakula:
kidole, pindo la kanga, rimoti, sikio la babu yake.

Huyo uliyemshika, mweupe, mwenye tai ya hariri,
najua ameshakuingia moyoni.
Mrudishe.
Wanasema kizuri chajiuza;
ndiyo sababu nakiogopa.

Tazama, jicho lake la kushoto linacheza.
Livute. Usimwonee huruma dubu,
livute kama mtoto anavyovuta,
kwa fizi, kwa hasira ya jino linalokuja.
Umesikia? Uzi mmoja umeachia.
Jicho hilo ni punje ya mahindi,
na njia ya pumzi ya mjukuu wako
haishindi mrija wa soda.

Na hiyo tai, ipime kwa shingo ya mtoto, si ya dubu.
Ikizunguka ni kitanzi,
hata ikiwa hariri.

Sasa binya tumbo, fuata mshono kwa kidole gumba.
Mtikise: kikilia kitu ndani
jiulize nani atakuwa wa kwanza kukitoa.
Mnuse. Lowesha kidole, msugue;
rangi ikibaki kidoleni, itabaki na ulimini.
Wenzangu hunicheka, eti Sekiondo anauza midoli
kama anayekagua maiti.
Wacheke.

Hili kopo? Ni la maziwa ya unga,
ila ndani hamna maziwa.
Tikisa. Ndiyo, macho.
Mimi nayang'oa, mke wangu Mbonea
anatia mengine kwa uzi mweusi,
jioni, barazani, Barabara ya Kumi na Tano,
akizivuta nyuzi kwa meno kuzijaribu.

Na hili la kahawia, lililofungwa kwenye kipande cha bandeji,
silichanganyi na mengine.
Daktari wa Bombo alinitilia kiganjani
saa tisa za usiku, bila neno,
kama mtu anayerudisha chenji.
Dubu yule nilimtoa robotani mwenyewe,
nikamficha chini ya meza wateja wasimwone,
nikampelekea binti yangu.
Nilichagua kwa macho.
Mikono yangu nilikuwa nayo, hii hii,
sikuitumia.

Yupo, alhamdulillahi. Shemsa. Kidato cha pili.
Ila akicheka, kicheko chake kina mchanga,
na kila akicheka
mimi huacha ninachofanya.

Chukua huyu sungura.
Sura mbaya, najua, sikio moja limemzidi jingine,
lakini macho ni ya Mbonea, na mshono umerudiwa mara mbili.
Mfue kwa sabuni ya mche,
mwanike juani mpaka tumbo likauke kabisa.
Mchana wacheze, watafunane wapendavyo.
Usiku mtoto akilala, mtoe kitandani;
hata rafiki mwema hurudi kwao usiku.

Mweupe? Simuuzi leo.
Njoo Ijumaa, atakuwa ameshonewa macho,
na tai tumeipa kazi nyingine.

Huyu ni elfu mbili mia tano.
Ngoja nikufungie gazetini,
mfuko wa plastiki sitaki uingie nyumba yenye mtoto.

Unalivuta tena sikio?
Vuta, mama.
Vuta kwa nguvu.