Mguu Haujui

Tulishuka teksi kabla ya kufika.
Nilmini alitaka lango alifuate kwa miguu,
si liruke dirishani kama tangazo.
Ijumaa, saa kumi, jua lingali linadai,
na kuta za Maskati kongwe nyeupe pee,
weupe wa shuka tunazokunja kutwa, yeye na mimi,
kwenye chumba cha dobi, hospitalini Ruwi.

Nilitarajia kitu kikubwa zaidi.
Kumbe ni tao, minara miwili minene ya mawe,
bendera, kamera ya usalama,
na magari yakipita chini yake
kama watoto wanaokatiza mbele ya wageni
bila kuamkia.

Habari zake nilizipata wodi ya tatu,
kwa Bi Zuweina, aliyekuja na Kiswahili chake
tangu Unguja, akakitunza kama kanga ya sandukuni:
ikigonga saa tatu za usiku, lango linafungwa,
na atakayekutwa gizani bila taa mkononi
atalala ndani.
"Taa, mwanangu, haikuwa ya kuonea njia.
Ilikuwa ya kuonwa wewe."

Nilmini hakuwa anasikiliza.
Alikuwa anavua viatu.

Leo mwezi mpevu, aliniambia
kwa Kiarabu chetu cha kuungaunga.
Kwao Kurunegala, watu wamevaa nyeupe tangu alfajiri,
wanapanda hekaluni kwa Budha na maua mikononi,
na langoni pana jiwe la nusu mwezi
lililochongwa ndovu, farasi, mabata katika mstari,
wamelainika kwa nyayo, bata mmoja hana tena kichwa.
Hapo ndipo viatu vinapobaki.
Mwanawe alikuwa akimkanyaga yule bata makusudi.
Mwaka wa nne huu hajamwona.

"Najua hili si hekalu," alisema.
"Lakini mguu haujui."

Akasimama peku pembeni mwa lami inayounguza,
kandambili zake zimepangwa sawasawa,
asumini tatu kiganjani, hajui aziweke wapi.

Kijana wa kibanda cha chai akatoka,
kanzu imekunjwa mikono, kijiko bado mkononi,
akaniuliza kwa Kiswahili cha jikoni kwa bibi yake:
"Huyo mwenzio kapotewa na nini?"

Sijui jibu lilitoka wapi.
"Hajapotewa na kitu. Anabisha hodi."

Alilitazama lango. Nadhani ndiyo mara ya kwanza,
ingawa analipa kodi kivulini mwake.
Lori la maji likapiga honi refu, likapita.
Kisha akasema, polepole, kwa haya,
kama anayerudisha chenji iliyozidi:
"Haya. Karibu."

Nilmini hakuelewa neno, ila aliinamisha kichwa.
Mimi nilivua kiatu kimoja tu;
soksi ya pili ilikuwa na tundu.

Chai alitukataza kulipa. Maua yalibaki
kwenye kisahani, juu ya meza ya plastiki.

Tukarudi kwa miguu hadi kituoni,
mwezi umechomoza nyuma ya majabali,
taa za barabara zinawaka zote, hakuna giza hata la dawa.
Zamu yetu kesho saa kumi na moja alfajiri.
Hata hivyo niliwasha tochi ya simu,
na Nilmini, bila kuuliza, akawasha yake.